Anayepuliza Maji Baridi

Malaba, 6 Agosti 1978

Mama mpendwa,

Mulembe. Huku sijambo, mwili tu unachoka, na najua utauliza kwanza kama nakula. Nakula. Goti lako linaendeleaje? Na yule kuku wako asiye na mkia, bado anataga kwa jirani? Nisalimie shemeji Bwire, mwambie shati lake liko kwa Callistus fundi wa nguo, limebaki vifungo.

Mama, nakuandikia mbio mbio kwa sababu Bwire alipopita hapa hotelini aliniambia Mzee Zephaniah na wazee wa ukoo wameshapanga. Kwamba Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu mtazika tunda la mwegea mahali pa mume wangu, tulie, tunyolewe, yaishe. Niliposikia hivyo nililia mbele ya wateja mpaka chai ikamwagika jikoni. Wesonga hajafa. Hakuna aliyemwona amekufa. Alivuka kwenda kutengeneza lori lililoharibika njia ya Tororo, akachukuliwa na wale wenye bunduki wa msituni pamoja na watu wa malori, na hiyo ndiyo habari yote tuliyo nayo tangu mwaka jana. Mtu hazikwi kwa sababu hajatuma barua.

Sasa nisikilize. Kuna mtu ametoka huko hai. Anaitwa Dalmas Ogada, alikuwa karani wa malori. Ameandika kitabu juu ya vile walivyoshikwa mateka ili wabadilishwe na wenzao wa hao wenye bunduki walio gerezani. Yeye mwenyewe hapatikani, Mapadri wamemficha mbali kwa kuwa anatafutwa. Lakini nakala moja imefika Malaba, iko kwa Callistus. Na kwa vile kila mtu hapa ana wake aliyepotelea ng'ambo, na kila mtu anataka kusoma leo leo, Callistus alichukua wembe akakifumua kitabu kama anavyofumua gauni. Amekifanya vipande vinne, kila kimoja amekishona upya kwa uzi mweusi, na vinapita mkono kwa mkono. Kipande pia ni rahisi kuficha, maana wale watu huvuka kuja sokoni hapa kununua chumvi kama watu wengine.

Nimesoma cha kwanza. Hakuna jina la mtu ndani. Mateka walikatazwa kutajiana majina na kuongea lugha za nyumbani, wakaitwa kwa kazi zao tu: Karani, ndiye Dalmas mwenyewe, halafu Dereva, na Mwalimu. Na, Mama, kuna mwingine anaitwa Makanika.

Najua makanika ni wengi. Nipe nafasi nisome vipande vilivyobaki. Tafadhali msizike.

Mimi mke wa mwanao,
Selpha


Sigalame, 14 Agosti 1978

Selpha, bibi yetu,

Salamu zako zimenikuta nimekaa nje napepeta mtama. Goti ni lile lile. Kuku bado anataga kwa Roselida, na Roselida bado anaapa hajaona yai, na watoto wake wanazidi kunenepa.

Wewe unalia hotelini na watu wanakupa pole. Mimi nalia na ungo mkononi, na hakuna hata wa kunishikia ungo. Usidhani mwenye kutaka kuzika ndiye asiyempenda. Nilimzaa mimi, si Zephaniah.

Ananijia ndotoni. Anasimama pale langoni, namwita haingii, namuuliza ni nini haongei. Nimemweleza Katekista, akaniambia nisali. Nimewaeleza wazee, wakaniambia huyo ni mtu anayetafuta mahali pa kulala. Na Bwire naye ana mchumba kule Bukhayo, mtoto mzuri mwenye adabu, na unajua vile sisi tuko: mdogo hawezi kujenga wala kuleta mke na habari ya kaka yake haijulikani. Nyumba yako inavuja na hakuna anayethubutu kupanda paa la mtu ambaye hatujui kama yuko. Asiyekuwepo na lake halipo, bibi yetu. Tunda limeshachumwa. Ni refu, zito kama mtoto mchanga, nimelifunika kwa shuka yake pembeni ya chumba changu, na nikipita nageuza uso.

Utaniambia, je, tukimzika kisha arudi? Hilo nalijua kuliko wewe. Aliyezikwa haingii tena mlango wa mama yake. Atakuwa marehemu mwenye suruali, watoto watamkimbia, mke wake atakuwa amepewa mtu mwingine, na hakuna dawa. Nimelifikiria mpaka kichwa kikauma. Lakini mtu kusimama langoni kila siku pia si maisha.

Kwa hiyo soma upesi. Jumamosi haingoji kitabu.

Mama yako,
Eucabeth


Malaba, 22 Agosti 1978

Mama,

Sina salamu ndefu, nisamehe, huyu dereva anayeleta barua hii ameshawasha gari.

Nimepata kipande cha pili. Nakunakilia maneno yenyewe kama Dalmas alivyoyaandika:

“Makanika alikuwa na jambo lililotuchekesha hata pale. Alipewa maji ya mtoni, baridi, na kabla ya kunywa aliyapuliza kama mtu anayepuliza chai. Kila mara. Hata wenye bunduki walicheka, wakawa wanampa maji ili waone. Dereva alimwambia, ndugu, hayo yameshapoa tangu Mungu aumbe dunia. Yeye akapuliza, akanywa.”

Mama, wewe na mimi tunamjua mtu mmoja tu duniani anayepuliza maji baridi. Nilimtania kwa hilo tangu wiki ya kwanza ya ndoa yetu.

Yuko hai humu ndani. Anawatengenezea wale watu magari yao, ndiyo maana hawamuui. Msizike, Mama. Nakupigia magoti kwenye karatasi hii. Msizike.

Selpha wako


Sigalame, 27 Agosti 1978

Mwanangu Selpha,

Mulembe, na pole, na ahsante, vyote kwa pamoja.

Barua yako iliingia hapa jana Jumamosi watu wakiwa wameshajaa. Kaburi limeshachimbwa kushoto kwa nyumba yako. Masufuria yako motoni. Zephaniah amevaa koti lake la misiba. Hata kuku asiye na mkia alikuwa amefungwa miguu. Katekista akanipa barua mkononi akidhani ni ya rambirambi. Nikaifungulia pale pale nimesimama, nikasoma lile neno la maji, nikalisoma tena.

Selpha, wewe umemtania tu. Hujui lilikotoka. Alikuwa hajaota hata meno yote, nilikuwa nimeepua uji wa wimbi, nikageuka kumfukuza mbuzi, akachota kwa kikombe akanywa. Mdomo wote ulibambuka. Tangu siku ile hakuna kilichopita midomo yake bila kupulizwa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nilijilaumu miaka mingi kwa uji ule, na jana ule uji ndio umenirudishia mtoto.

Nikawaambia watu, kuleni mlichopika, mwende nyumbani, mwanangu yuko hai. Zephaniah akasema nimerukwa na akili. Akasema kaburi likichimbwa halifukiwi tupu, na likiachwa wazi linaita mtu. Nikamwambia, kama linaita mtu, wewe ndiye uliye karibu, sogea kidogo. Watu wakacheka, naye akaondoka na hasira zake. Nikamtuma Bwire afunike shimo kwa mabati na kuweka mawe juu. Tunda nimelirudisha mwenyewe chini ya mti wake. Kuku nimemfungua.

Sasa niandikie kila kitu. Anakula nini huko? Amekonda? Mkono wake uliovunjika ule, anaushikilia vile vile? Nisomee kama unavyomsomea mgonjwa, usiruke mstari.

Mama yenu wawili,
Eucabeth


Malaba, 1 Oktoba 1978

Mama mpendwa,

Salamu kwa wote, na nimefurahi kusikia kwa Bwire kwamba goti limepata nafuu. Nimechelewa kuandika kwa sababu kipande cha tatu kilikaa sana kwa mwalimu mmoja aliyekuwa na homa. Nimekipata juzi, na nusura kinitoe roho.

Kwanza ya mwanao. Anakula mihogo mibichi na nyama ya porini siku wakipata. Amekonda, lakini Dalmas anasema anawaimbia nyimbo za kanisani kwa kunguruma tu, mdomo umefungwa, kwa kuwa lugha ya nyumbani ni marufuku. Aliwafundisha kutengeneza viatu kwa mpira wa tairi. Mwalimu alipokata tamaa akakataa kula, Makanika ndiye aliyemtafunia mihogo akamlisha kama mtoto. Nimesoma hapo nikajivunia, Mama, mpaka nikasahau pale ni wapi.

Sasa la kutisha. Humo humo Dalmas anamweleza mlinzi wao. Mtu mrefu, sikio la kushoto limekatika nusu, na hunywa chai kwa chumvi. Nilikuwa nimelifikia neno hilo asubuhi, nikasikia wateja wanaingia, nikasukuma kipande chini ya sinia ya mandazi. Mtu akaketi. Akaagiza chai, akaonja, akaniomba chumvi.

Nikamletea. Sikutaka kumtazama, nikamtazama. Alikuwa na kofia ya sufi, lakini upande wa kushoto haikushika kitu.

Akala mandazi yangu akiyachukua juu ya sinia moja moja. Akaniuliza polepole, kwa Kiswahili cha ng'ambo, “Dada, nasikia hapa watu wanasoma kitabu.”

Nikamwambia, “Boss, mimi sikwenda shule. Kitabu changu ni cha nyimbo, nacho nimekishika kwa kichwa.”

Mama, huyo mtu anajua mume wangu yuko wapi. Alikuwa karibu nami kama mlango na meza. Swali lilinijia mpaka kwenye meno: Makanika yuko wapi? Nililimeza, likanikwaruza. Alimaliza, akasema chai ni nzuri, atarudi. Nilibaki nimeshika kikombe chake mpaka kikapoa. Callistus ameshona kile kipande ndani ya bitana ya koti, na tumekubaliana hakuna kutaja kitabu mbele ya mtu mgeni.

Kipande cha mwisho, cha nne, sijakiona. Anacho Ikapel dereva, naye alivuka nacho kabla hatujajua kwamba kinatafutwa, amekiweka ndani ya kiti cha lori, yuko upande wa Tororo. Akikutwa nacho huko sijui itakuwaje. Nangoja lori lake kila siku.

Mtoto wako wa ndoa,
Selpha


Sigalame, 9 Oktoba 1978

Selpha,

Salamu nitakupa ukifika hapa mzima. Nimesoma habari ya huyo mtu wa chumvi nikashindwa kula ugali wangu.

Ulifanya vizuri kumeza lile swali. Akirudi, meza tena. Nina mtoto mmoja tu mikononi mwa watu wale, sitaki wawili. Waachie wengine chai, wewe kaa jikoni nyuma, ujifanye unaumwa jino.

Huku mambo si mazuri, na sikutaka kukuambia. Mtoto wa Roselida ameshikwa na homa kali, wamempeleka hospitali ya Nangina, na wanasema ni kaburi langu linamwita. Roselida mwenyewe, aliyekula mayai yangu mwaka mzima, hanisalimii. Watu wa Bukhayo wametuma neno kwamba binti yao hawezi kuja kwenye boma lenye shimo wazi. Bwire hanilaumu, lakini anakata kuni hata zisizohitajika. Zephaniah ameita mkutano wakaniambia mwisho ni Krismasi. Wesonga asipoonekana, watazika wao wenyewe, nikubali nisikubali.

Mimi siogopi. Kila siku nasoma yale maneno yako ya mihogo na nyimbo. Usiku sioni mtu tena langoni, na ninajiambia ni kwa sababu yuko njiani. Nimeanza kumfumia sweta. Usicheke.

Ikapel akirudi tu, niandikie.

Mama


Sigalame, 5 Novemba 1978

Selpha mwanangu,

Hujambo? Sijapata neno lako. Nimeenda parokiani mara nyingi, mpaka Katekista akiniona kwa mbali anatikisa kichwa kabla sijafika.

Redio inasema huko ng'ambo kuna vita, na mpaka umekuwa mgumu. Labda Ikapel amezuiliwa. Labda yule mtu amerudi hotelini. Nataja haya mawili kwa sababu la tatu silitaki.

Mtoto wa Roselida amepona, ashukuriwe Mungu, ingawa mama yake bado anapita mbali na boma letu. Sweta limefika mabegani. Niandikie hata mstari mmoja kwamba uko hai.

Mama yako


Malaba, 20 Novemba 1978

Kwa Mama mpendwa,

Baada ya salamu nyingi kutoka kwangu, ni matumaini yangu kwamba u mzima wa afya njema kama nilivyo mimi huku Malaba. Dhumuni la barua hii ni kukujulia hali. Mimi sijambo na kazi inaendelea vizuri. Mvua inanyesha na barabara ina matope. Ikapel dereva amerudi salama na anakusalimu. Callistus pia anakusalimu. Bei ya sukari imepanda. Naomba unisalimie wote wanaonijua hapo nyumbani, wakubwa kwa wadogo.

Ni mimi,
Selpha


Sigalame, 26 Novemba 1978

Selpha mwanangu,

Barua yako nimeipata. Nimeisoma nikaigeuza nyuma, nikatazama hata ndani ya bahasha.

Tangu uolewe hapa hujawahi kuniandikia bila kuniuliza goti. Hukuuliza kuku. Umenisalimia kama karani wa chifu. Na unaniambia Ikapel amerudi, halafu unaniambia bei ya sukari.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Nimeusikia mshindo wako, mwanangu. Nilikaa na sweta magotini mpaka jua likahama kiti. Kisha nikalifumua, polepole, sufi nikaikunja ikawa mpira, kwa sababu mikono ilitaka kazi.

Sikuulizi lolote unaloogopa kuandika. Najua ulilibeba hilo wiki nzima, na zaidi ya wiki, ukiwapa watu chai. Najua unajiona wewe ndiye uliyenipa mtoto kipande kwa kipande, na sasa ni wewe tena unayetakiwa kuninyang'anya. Sivyo. Ulinipa miezi ambayo mwanangu alikuwa akiimba na kulisha watu. Mama mwingine hapa amepewa tunda tu.

Nina swali moja tu, na hilo lazima unijibu, kwa sababu sitalala bila hilo. Kulikuwa na mtu wa kumpa maji?

Mama yako,
Eucabeth


Malaba, 1 Desemba 1978

Mama,

Kulikuwa na mtu. Nakunakilia:

“Tulitoroka wakati wa kuhamisha kambi, mimi na Makanika. Risasi ilimpata mguuni karibu na nyonga. Nilimbeba mpaka kwenye mafunjo ya mto, mahali ambapo tuliona moshi wa jikoni upande wa Kenya. Mchana ulikuwa mwangavu. Aliniambia nisimwache hapo akiwa hajaoshwa uso, kwa kuwa nyumbani kuna mtu atakayeuliza. Nilimwosha. Nikateka maji kwa jani la gimbi nikamwekea mdomoni. Akayapuliza. Hakuyanywa. Nilimlaza palepale juu ya udongo mkavu, nikamfunika kwa mafunjo, na mpaka leo sijui jina lake.”

Hivyo tu, Mama. Baada ya hapo ni habari ya Dalmas kuvuka peke yake.

Moshi kama huo tunauwasha kila siku, mimi huku na wewe huko. Labda ulikuwa wa jiko langu.

Ninakuja nyumbani. Sijui nije na nini.

Selpha


Sigalame, 5 Desemba 1978

Mwanangu,

Aliyapuliza.

Nimelisema hilo neno kwa sauti peke yangu ndani ya nyumba, nikalia vile nilivyokuwa sijalia tangu apotee, na Roselida akaja mbio kutoka kwake, akanikalia kando. Alikuja na mayai kwenye kikapu. Tutayazungumza hayo siku nyingine.

Umeuliza uje na nini. Zephaniah ameshamtuma mtu akachume tunda jipya. Nimemkatalia. Nimemwambia tunda halimjui mwanangu. Halijui alifunga mdomo akaimba, halijui alimtafunia mwenzake mihogo, halikuwa pale mtoni. Wewe unayo karatasi inayojua yote hayo. Niletee kile kipande cha nne kama kilivyo, na uzi wake mweusi. Hicho ndicho tutakachozika. Zephaniah alijikuna kidevu, akasema hajawahi kusikia jambo kama hilo. Nikamwambia, hata mimi sikuwahi kusikia mtu akiuawa kwa sababu alikwenda kutengeneza lori. Akavua kofia. Akasema mabati atayaondoa yeye mwenyewe.

Ni kitabu cha watu, najua. Muulize Callistus kwanza, na wote wanaongoja zamu yao, na Ikapel aliyekilalia ng'ambo. Usichukue bila ruhusa. Waambie ni mama wa Makanika anayeomba, na jina lake waliandike pale lilipokosekana, kwenye kila kipande kinachobaki: aliitwa Wesonga, mwana wa Eucabeth, wa Sigalame. Siku moja Dalmas atalisoma.

Bwire atakuja kukuchukua Alhamisi. Watu wa Bukhayo wamesema watafika wote, na binti yao atapika. Ukifika, usianze kulia barabarani. Pitia kwangu kwanza, nimekuwekea maji ya kuoga, halafu tutatoka pamoja.

Na wale wa Malaba watakaosoma vipande vitatu wakaja kwako wakiuliza kitabu kinaishaje, usiwaeleze. Waelekeze njia ya Sigalame, waulize boma la Eucabeth. Nitawapa viti na maji ya kunywa, kisha nitawaonyesha.

Mama yako,
Eucabeth